Mwenye Jembe Hajibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mkuu wa Chuo; walimu mliorithi madarasa yangu na chaki zangu; wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti; ndugu na jamaa; binti yangu, ambaye siku hizi ni nesi wangu pia; na wewe dada uliyekaa karibu na dirisha, uliyesafiri jana kutwa nzima bila kuambiwa unaitiwa nini: nawasalimu nyote kwa heshima, na wewe wa mwisho nakusalimu mara mbili.

Niwieni radhi kwa kuzungumza nimekaa. Binti yangu amenipa masharti matatu: nisisimame, nisipitishe robo saa, na nisilie. Mojawapo nitalivunja, bado sijajua lipi.

Asubuhi yote nimekaa hapa nikisikiliza mnavyonisifu. Mkuu wa Chuo amesema mimi ndiye niliyewafundisha wataalamu wa kilimo kwamba mkulima hapimwi kwa magunia peke yake, hupimwa pia kwa moyo wake. Mheshimiwa amevuta pazia, na nyuma yake tumeona kibao cha mbao kilichochongwa vizuri sana: UKUMBI WA BWANA NGAZI. Mkapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu mzee akisifiwa hadharani asipopiga makofi ataulizwa kulikoni, na mimi nilitaka kuulizwa baadaye, si wakati ule.

Sasa niulizeni.

Waungwana husema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Leo navua mwenyewe, na magoti yangu hayawezi tena kuchutama, kwa hiyo mtaniona nilivyo. Daktari wangu ni mwanamke mpole asiyependa kutaja miezi. Safari hii ametaja.

Mwaka huo ninaotaka kuwasimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni, nina jozi moja ya viatu na imani kubwa kabisa. Kituo cha utafiti kilinituma kilimani, kwa watu waliolima mahindi na maharage kwenye miteremko, nikawaulize jambo ambalo wakati ule hakuna aliyezoea kumuuliza maskini: umeridhika kiasi gani na maisha yako? Swali kama hilo halijibiki kwa mdomo mtupu. Kwa hiyo nilichora kwenye kipande cha katoni ngazi yenye vipandio kumi. Kipandio cha chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuyawaza, na cha juu kabisa ni mazuri kuliko yote. Unapewa haragwe moja, unaliweka pale unapojiona umesimama, nami naandika namba kwenye dodoso kwa penseli. Basi watu wa kilimani wakanibatiza Bwana Ngazi. Ninyi mnadhani ni jina la heshima. Lilikuwa utani, na lilinikaa vizuri kuliko suti hii.

Nilifikia kwa mama mmoja ambaye nilimwita Shangazi, kwa kuwa alifanana na dada wa baba yangu kwa mdomo na kwa mwendo. Mume wake aliitwa Kimya. Hilo nalo lilikuwa utani, maana mtu yule akianza kukusimulia jinsi mbuzi alivyokata kamba, mbuzi mwenyewe atarudi nyumbani, atakunywa maji na kulala kabla hadithi haijafika kwenye kamba. Walikuwa na chumba kimoja na jiko la nje, kitanda kimoja, sufuria mbili ambazo moja ilikuwa na kiraka, na jembe moja.

Hilo jembe moja ndilo lililonileta mbele yenu.

Walikuwa wakilima hivi. Mmoja anashika jembe, anaanza tuta. Mwingine anakaa pembeni na kusema. Anasema lolote: habari, lawama, ndoto ya jana, mipango ya mwakani. Na sheria ya shamba lile ilikuwa moja tu: mwenye jembe hajibu. Anasikiliza mpaka mwisho wa tuta. Akifika mwisho anamkabidhi mwenzake jembe, anakaa, na sasa zamu ya kusema ni yake.

Siku yangu ya pili nilimshuhudia Shangazi akimsema mumewe tuta zima kwa sababu aliazimisha debe lao la mbegu bila kumwambia. Alimsema tangu kwenye kisiki mpaka kwenye mfereji. Kimya alilima kwa hasira, udongo unaruka, nikajua huyu akifika mwisho leo patawaka moto. Alifika mwisho. Akajifuta jasho, akampa mkewe jembe, akakaa, akavuta pumzi.

“Nimesikia,” akasema. Kisha akaanza habari ya mbuzi.

Mimi msomi, ningeacha? Nikamwambia, “Shangazi, mkipata jembe la pili mtamaliza kazi hii kwa nusu ya muda.”

“Halafu hiyo nusu inayobaki tuipeleke wapi?”

“Mtapumzika.”

“Sasa hivi mmoja wetu si amepumzika?”

Kimya akadakia kutoka pale alipokaa, “Mjomba, usimtie maneno. Kukiwa na majembe mawili tutainama wawili, tutapeana migongo. Nani atanisikiliza mimi? Mbuzi?”

“Hata mbuzi amekuchoka,” Shangazi akasema, akiwa na jembe mkononi.

“Sheria! Sheria! Mgeni sawa, lakini mimi umenijibu! Ongeza tuta!”

Na aliongeza tuta, akicheka mpaka jembe likamponyoka.

Siku ya nne wakanipa zamu. Nililima vibaya, Kimya akasema nimelilaza tuta kama mgonjwa. Lakini kulima hakukuwa tabu. Tabu ilikuja zamu yangu ya kusema. Nilikaa pale pembeni, mtu mwenye cheti, nikakuta sina neno. Shangazi akalima tuta zima kwa ukimya wangu, hakuniharakisha. Siku ya tano nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukitegemea. Niliwasimulia jinsi mama yangu mzazi, mkulima kama wao, alivyosimama mlangoni siku nilipoondoka kwenda shule ya bweni, akiwa na unga mikononi, na jinsi ambavyo sikugeuka kumtazama kwa sababu niliona aibu wenzangu wasione kanga yake ilivyochakaa. Kimya, yule Kimya mwenye maneno, alilima akinisikiliza mpaka mwisho, na alipofika hakunipa jembe haraka. Alisimama nalo kidogo.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimesikilizwa na mabaraza ya mitihani, na mawaziri, na kumbi kubwa kuliko hii. Kusikilizwa kwa tuta zima sijapata tena.

Nilikaa kilimani siku kumi na tisa. Msinielewe vibaya, hapa sijaja kuwapambia umaskini maua. Kulikuwa na miezi mitatu kila mwaka ambapo nyumba ile ilikula mara moja kwa siku, na Shangazi alinionyesha penye kaburi la mtoto aliyekufa kwa sababu mto ulifurika na zahanati ilikuwa ng’ambo. Njaa ni njaa, na anayesema maskini amezoea hajawahi kulala nayo. Lakini niliagizwa niulize swali, na mwenye haki ya kulijibu alikuwa yeye, si mimi.

Siku ya kumi na mbili zamu ya Shangazi kuhojiwa ilifika. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Wewe dada ulikuwa na miaka minne, umemkalia mama yako mapajani, unalitaka lile haragwe ulitie mdomoni. Akakushika mkono, akaitazama ngazi kwa muda mrefu, akaliweka haragwe kwenye kipandio cha nane.

Nikamwambia, “Shangazi, umeelewa lakini? Kumi ndiyo mazuri kabisa.”

“Nimeelewa. Wewe ndiye unayeonekana hujaelewa.”

“Basi mbona nane?”

“Mume wangu ananisikiliza. Watoto wawili wanapumua. Ardhi hii naijua kwa unyayo, hata gizani. Hiyo nane. Cha tisa ni mwaka ambao mvua haitatuchezea.”

“Na cha kumi?”

“Cha kumi nimewaachia nyinyi mliosoma.”

Dodoso lilikuwa na swali la mwisho: ni kitu gani kimoja kingekupandisha kipandio kimoja? Hakufikiri hata kidogo. “Daraja la watu pale mtoni. La kupita kwa miguu tu. Basi.” Nikaandika: nane, daraja la miguu. Kwa penseli.

Wakulima wa kilima kile walikuwa kaya mia moja arobaini na tatu. Wengi wao waliweka haragwe kwenye saba, nane, wachache tisa. Na wengi, bila kuambizana, walitaja daraja.

Nikashuka na madodoso yangu hadi kituoni. Mkuu wa utafiti, mtu aliyenipenda na kunitakia mema, aliyapekua akiwa amesimama, akacheka. “Kijana, hawa watu miezi mitatu wanakula mara moja kwa siku. Hizi nane wamezitoa wapi? Wamekuogopa, au umewauliza vibaya. Kabla hujaandika kwa wino, yasafishe.”

Wanafunzi, mnalijua neno hilo. Tunasafisha madodoso: tunaondoa namba zilizoandikwa kimakosa, majibu yasiyosomeka. Ni kazi halali. Mimi nilichukua kifutio, nikakaa siku mbili kwenye chumba chenye meza moja na dirisha moja, nikafuta majibu ya kaya tisini na moja. Saba ikawa mbili. Nane ikawa mbili, au tatu nilipoona huruma. Na pale palipoandikwa daraja, nikaandika kwa wino: zana na ardhi bora.

Mkuu wa utafiti alikwisha kufa, na ingekuwa rahisi nimtwike yeye mzigo huu wote. Lakini yeye alisema nisafishe, hakunishika mkono. Kwa nini nilifuta? Nimekuwa na miaka hamsini na sita ya kutafuta jibu, na jibu ninalo tangu siku ya kwanza. Kama yule mama mwenye sufuria ya kiraka yuko kwenye cha nane, mama yangu alikuwa kwenye kipandio gani siku nilipomwacha mlangoni? Mimi nilikimbia nini? Maisha yangu yote yalijengwa juu ya msingi kwamba pale nilipotoka ni shimoni. Shangazi aliweka haragwe moja, na msingi ukatikisika. Nikachukua kifutio.

Kutokana na taarifa ile walipangiwa mradi. Maofisa walipanda kilimani wakaitisha mkutano wa hadhara, nami nikaalikwa kama mtaalamu, nikakaa meza kuu. Ofisa akasoma: “Ninyi wenyewe, kwa vinywa vyenu, mmesema mko kwenye kipandio cha pili. Serikali imewasikia. Mtahamia tambarare, kila mtu mzima atapewa shamba lake na jembe lake jipya.”

Shangazi akasimama katikati ya watu. Mkononi hakuwa na kitu.

“Mheshimiwa, mimi nilisema nane.”

Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka, kwa upole. “Mama, karatasi haidanganyi.”

“Karatasi sijui. Lakini aliyeandika yule pale.” Akanitazama. Hakunishtaki, wala hakunyoosha kidole. Alinitazama kama mtu aliyepokea jembe na sasa anangoja mwenzake aseme.

Sheria ya shamba lao inasema mwenye jembe hajibu. Mimi sikuwa na jembe. Nilikuwa nimekaa pembeni kabisa, kivulini, zamu ya kusema ni yangu, na watu mia mbili wananisubiri. Nilitazama viatu vyangu. Akasubiri kidogo tena, kisha akakaa.

Wakahamishwa. Viwanja vilipimwa kwa kamba, vimenyooka kama mistari ya daftari. Kimya alipewa shamba namba kumi na moja, mkewe namba sitini na nne, kwa kuwa orodha ilifuata herufi na hakuna aliyejali nani analala na nani. Kutoka shamba moja mpaka jingine ni mwendo wa nusu saa. Majembe mawili, mapya, yanang’aa.

Nilirudi mara moja tu, baada ya miaka saba. Nilisema naenda kufuatilia matokeo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewakumbuka mpaka nashindwa kula. Nilimkuta Kimya amekaa mlangoni. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamuuliza habari za mbuzi. Akasema, “Yupo.” Nikangoja hadithi, haikuja. Jina lile la utani lilikuwa limemkamata mwenyewe.

Shangazi alinikaribisha maji kwenye kikombe bora. Hakunisema hata neno moja, na ningetoa chochote anikalishe chini anitukane tuta zima. Kwa kukosa la kufanya nikatoa kile kipande cha katoni na haragwe. Akalichukua, akalipitisha polepole kwenye vipandio, akaliweka kwenye cha pili.

“Haya,” akasema. “Sasa mimi na karatasi yako tumekubaliana.”

Nikaondoka siku ile ile, wala sikurudi. Walipokufa, mmoja baada ya mwingine, nilipelekewa habari. Nilituma rambirambi, sikuenda. Taarifa ile ikanipa masomo ya juu, ikanipa ualimu hapa, na mpaka leo, Mkuu wa Chuo, inafundishwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Ukurasa wa kumi na nne, jedwali la tatu. Mabinti na vijana hawa wameikariri wakafaulu. Je, ni wangapi wamekwenda vijijini na kifutio mfukoni kwa sababu yangu?

Binti yangu, usinitazame hivyo. Sharti la kwanza ndilo ninalolivunja. Nisaidie kusimama.

Ahsante, mama.

Mheshimiwa, ndugu wananchi. Nayasema haya nikiwa nimesimama, mbele ya watu, kwa sauti niliyobakiwa nayo. Mama yule alisema nane. Karatasi ilidanganya, na aliyeidanganyisha ni mimi.

Sanduku hili lililo chini ya kiti changu lina madodoso yote. Sikuyachoma, nilijiambia nimesahau kuyachoma. Penseli huacha mkwaruzo hata ikifutwa. Yawekeni dirishani mchana, mtaona nane zote zilivyo chini ya wino. Naomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wayasome upya, moja baada ya jingine, waandike walichosema watu wale, na jedwali la tatu lichapishwe tena kwa aibu yangu na kwa heshima yao.

Ombi la pili ni kwako, Mheshimiwa. Nimesikia kwamba baadhi ya watoto wa kilimani wamerudi kulima miteremko ile, dada huyu akiwa mmojawao, na kwamba mvua zikinyesha watoto wao bado hukosa shule kwa sababu ya mto. Ombi la mama yake lina miaka hamsini na sita. Na kile kibao chenye jina langu kiondoeni leo, kabla wageni hawajaenda kunawa mikono. Nimekipapasa wakati mnapiga makofi. Ni mbao ngumu, nzuri, inafaa kukanyagwa. Iwe ubao wa kwanza wa daraja lile, maandishi yakitazama chini, majini.

Mtaniuliza, wewe mwenyewe, Bwana Ngazi, uko kwenye kipandio gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nina nyumba yenye maji ndani, nina binti anayenipa masharti, nina mkufunzi katika kila wilaya anayeniita baba. Nikiwekewa haragwe mkononi, leo ningeliweka kwenye cha nne. Lakini nimewahi kufika cha nane. Nilikaa huko siku kumi na sita, kuanzia siku ile ya nne niliyopewa zamu, nimekaa pembeni mwa shamba, nina udongo hadi magotini, nikingoja jembe linifikie. Kila nilichokipata baadaye nilikipata nikitazama nyuma kule kilimani. Mama yangu sikugeuka kumtazama. Kilima kile nimekitazama maisha yangu yote, mpaka shingo imeuma.

Dada yangu. Sikukuita uje kula sherehe. Mama yako alipokea jembe kwangu mbele ya watu, akanipa nafasi ya kusema, nikanyamaza. Leo nimesema, nami nimefika mwisho wa tuta. Mnaniona nilivyo, sina tuta jingine mbele yangu.

Kwenu nyote mlionivumilia kupita robo saa, nawashukuru kwa masikio yenu. Nileteeni kiti changu nikisogeze pale dirishani. Kipaza sauti mpeni yeye. Aseme lolote, kwa muda wowote, tangu kwenye kisiki mpaka kwenye mfereji.

Karibu, dada. Jembe ninalo mimi sasa. Sitajibu.